Mnada wa Mtu Mmoja

Misumari minne ilibaki ukutani, na zulia halikuwepo.

Inspekta Kosgei wa upelelezi alisimama katikati ya stoo ya kikundi cha Mikono Mingi, pale Njoro, akaitazama ile misumari kama mtu aliyealikwa karamuni akakuta sufuria zimeshaoshwa. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Agosti 2008. Viatu vyake vilijaa tope, na moyoni alikuwa amekwisha kuamua kwamba hii haikuwa kesi ya mtu wa cheo chake. Mezani kwake Nakuru kulikuwa na mafaili ya Januari, ya ghasia za baada ya uchaguzi. Watu waliouawa, nyumba zilizochomwa, watu wasiojulikana walikokwenda. Na yeye ametumwa kutafuta blanketi.

"Si blanketi," mwenyekiti akamkatiza. Huyu aliitwa Eucabeth Obura, mama wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongoza kwaya. "Ni zulia la sufu. La mkono. Blanketi unanunua supamaketi."

"Sawa, Mama. Kufuli imevunjwa?"

"Hapana."

"Dirisha?"

"Hilo hata paka hapiti."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi." Aliuvuta kutoka shingoni, ukining'inia kwenye uzi wa sufu. "Hata usiku hautoki shingoni hapa."

"Basi liliibwa mlango ukiwa wazi. Jumamosi kulikuwa na watu?"

"Tele. Jumamosi wanawake wa mashambani wanaleta uzi waliosokota nyumbani. Ni mizani, ni chai, ni watoto mgongoni, kelele tupu. Jioni nilifunga bila kutazama ukuta. Hapo nilikosea, na nakubali."

"Lina thamani gani?"

Eucabeth akavuta pumzi. "Limeshauzwa, afande. Limenunuliwa na mama mmoja wa Norway, kwa mtandao. Leo lilikuwa liende posta."

"Mrudishieni pesa zake."

"Pesa si shida. Shida ni jina. Pale sokoni kwa mtandao, mnunuzi akilalamika anaandika, na alichoandika hakifutiki. Kila anayekuja anasoma. Hili ndilo zulia letu la kwanza kuuza pale. Tukianza kwa kuitwa matapeli, ni nani atanunua la pili?" Aliinyooshea mkono karakana, ambako wanawake walikaa mbele ya vitanda vya kufumia. "Na watalii hakuna tena. Tangu Januari ni nani amekuja Nakuru kuangalia ndege wa ziwani? Mtandao ndio mlango uliobaki. Huo ukifungwa, hawa wote wanaenda kuokota viazi vya watu."

Kosgei akaomba picha ya mali iliyopotea, kama kawaida ya kazi. Akapewa.

Hapo ndipo aliposahau viatu vyake.

Lilikuwa zulia dogo tu, la kutosha kando ya kitanda. Lakini ndani yake mlikuwa na ziwa wakati wa mapambazuko. Maji yalikuwa ya sufu, na bado yalikuwa maji. Heroe wa waridi walisimama kwa makundi, miguu yao myembamba ikipotea majini. Pembeni chini, peke yake, alikuwepo mmoja aliyegeuza shingo nyuma, kama aliyesikia akiitwa jina. Kosgei alizaliwa Baringo na alikuwa amewaona ndege hao maisha yake yote bila kuwashangaa. Sasa aliwashangaa.

"Nani alifuma hili?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Edinah," Eucabeth akajibu. "Edinah na mwingine."

"Mwingine nani?"

"Mwingine hayupo."

Nyuma yake vitana vya kupigia uzi vikanyamaza kwa pamoja. Wanawake waliinamisha vichwa. Kosgei hakuuliza tena, lakini alikiweka kimya hicho mahali ambapo angekipata akikihitaji.

Mlinzi wa lango aliitwa Micah, mzee mwenye koti refu la mvua.

"Jumamosi ulikagua wanaotoka?"

"Wote, afande. Mikoba yote nilifungua."

"Hukuona mtu na mzigo?"

"Hakuna. Akina mama na watoto wao tu."

"Watoto wangapi?"

Micah akacheka. "Sasa afande, ni nani hukagua watoto?"

"Hakuna aliyeingia mikono mitupu akatoka na mtoto?"

Micah aliendelea kucheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

"Edinah," alisema polepole. "Nilidhani amembebea mtu. Alikuwa amefunika na leso mpaka kichwani, mvua ilikuwa inanyesha. Nikamwambia, mathe, huyo mtoto atakosa hewa."

"Akasemaje?"

"Akasema amelala."

Kosgei aligeuka asije akaonekana akitabasamu. Katika kazi yake alikuwa ameona wezi wa kila namna: wa kuburuta, wa kurusha juu ya ukuta, wa kukata kwa msumeno. Mwizi aliyebeba mali mgongoni na kuifunika isinyeshewe hakuwahi kumwona.

Edinah hakuwa kazini. Alikuwa ametuma habari kwamba amekwenda Vihiga kumwona mama yake mgonjwa. Kosgei akapewa namba ya huyo mama, akapiga papo hapo. Simu ikapokelewa na mama mwenye afya ya kutosha kumfokea mbuzi huku anaongea. Yuko shambani, anavuna mahindi. Mgonjwa nani? Edinah hajamwona tangu Pasaka.

Basi mwizi alijulikana kabla ya chai ya saa nne, jambo ambalo halimpendezi mpelelezi hata kidogo, maana linamwachia maswali magumu zaidi. Yuko wapi? Na kwa nini? Mtu haibi zulia alilolifuma mwenyewe ili alale juu yake.

"Kuna mtu angeweza kulinunua?" alimuuliza Eucabeth.

"Ketan Kanji," Eucabeth akasema bila kufikiri. "Yeye ndiye hakutaka tuuze kwa mtandao."

*

Duka la Ketan Kanji lilikuwa katikati ya mji wa Nakuru, limerithiwa kutoka kwa baba yake. Vinyago, shanga, ngoma ndogo za kubeba kwenye ndege. Vumbi lilikuwa limewakalia twiga wote mabegani. Ketan mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta, mtu mwembamba mwenye miwani, anasoma gazeti la jana.

"Bwana Kanji, zulia la Mikono Mingi liko wapi?"

"Ungeniuliza mwaka jana ningekuonyesha pale dirishani." Ketan alikunja gazeti. "Limeibwa?"

"Wewe unajuaje?"

"Inspekta hatoki ofisini kuja kununua kinyago."

"Ulipinga wasiuze kwa mtandao."

"Nilipinga, ndiyo. Mbele ya wote, kikombe cha chai mkononi. Mtu anayetaka kuiba hapigi kelele kwanza. Mimi nilisema hivi: dukani kwangu mgeni anashika sufu, anainusa, anampigia mke wake simu. Kwa mtandao atashika nini? Kioo cha kompyuta?" Akaangalia mlango ambao hakuna aliyekuwa akiuingia. "Sasa mgeni hayuko. Kwa hivyo wao walikuwa na haki, mimi makosa. Nimewaambia hivyo pia."

Kosgei akamwamini, ingawa hakupenda. "Ulikuwepo mkutanoni walipochagua soko?"

"Nilikuwepo. Ilikuwa kama harusi, kila mtu na upande wake." Ketan akavua miwani. "Masoko yalikuwa matatu. La kwanza, lile kubwa la mnada. Watu wa dunia nzima, wanauza viatu vilivyovaliwa, vyuma vya gari, kila kitu, na wanunuzi wanapandishiana bei. La pili dogo, jipya, ni la kazi za mikono peke yake. Kila muuzaji anapewa duka lake, na anayekuja anajua alichofuata. La tatu, yule kijana wa saiba, anayekodisha kompyuta za mtandao, Maxwel, alitaka wajenge tovuti yao wenyewe. Nikamwambia, duka zuri msituni, nani atapita?"

"Wakachagua la pili."

"Wakachagua la pili. Walipima vizuri, hata mimi nilifurahi. Malipo yanaingia kwa mpwa wa chairlady aliye Uingereza, yeye anatuma huku. Bei hazipandishwi wala kushushwa. Wote wakakubali, isipokuwa mmoja."

"Edinah."

Ketan akamtazama. "Unajua basi. Edinah alisema mnada. Wakamuuliza kwa nini. Hana jibu. Pale zulia letu litalala kati ya viatu kuukuu, wakamwambia. Yeye ni mnada tu, hata zulia moja tu, hata wiki moja. Akalia. Inspekta, mimi nimefanya biashara tangu nikiwa mtoto. Mtu halilii soko."

"Labda alitaka bei nzuri."

"Anayetaka bei nzuri anapigana. Yeye alikuwa anaomba."

*

Saiba ya Maxwel Odero ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara ya chuo kikuu, kompyuta zimepangwa kama madawati, wanafunzi wawili wanapiga chapa. Maxwel alivua vipokea sauti masikioni.

"Niaje, boss. Browsing ama printing?"

"Polisi."

"Ah." Maxwel akakaa wima. "Karibu, afande."

"Nionyeshe duka la Mikono Mingi."

Kosgei alijua kompyuta kama kitu cha kuandikia ripoti, na tena kwa kidole kimoja. Maxwel akabonyeza. Mtandao ulikuwa wa kusuasua siku hiyo, na picha ikaanza kushuka mstari kwa mstari kutoka juu: anga, kisha ukungu, kisha maji, kisha ndege mmoja mmoja. Ilikuwa kana kwamba mtu asiyeonekana alikuwa akilifuma upya mbele ya macho yao. Kosgei akajikuta ameegemea mbele, kofia mapajani.

"Hii iko wapi sasa hivi?" aliuliza.

"Hapa."

"Na Norway?"

"Huko pia."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, boss. Na Japani. Na Brazil. Mtu akifungua, iko."

Kosgei alifikiria wanawake wa Njoro, kondoo wa Njoro, mikono iliyochanika kwa kuosha sufu, na kwamba kazi yao ilikuwa imetundikwa dirishani mwa dunia nzima kwa wakati mmoja. Alistaajabu kwelikweli. Aliona hata haya kidogo kwamba asubuhi ileile alikuwa ameiita blanketi.

Kisha akarudi kuwa askari.

"Sasa nionyeshe lile la mnada."

Maxwel akajikuna shingo. "La mnada hawakuchagua."

"Edinah alichagua."

"Afande, hiyo story..."

"Maxwel. Zulia limeibwa. Edinah hajulikani aliko. Ukinificha kitu, nitaanza kukuuliza wewe ulipokuwa Jumamosi."

Maxwel akatazama wanafunzi, kisha akashusha sauti. "Alikuja baada ya mkutano. Akaniomba nimwekee kitu pale, kwa siri. Sikuona ubaya. Nilimwambia tu ni upuzi."

Akafungua ukurasa mwingine. Ilishuka picha moja. Halikuwa zulia lote. Ilikuwa pembe yake ya chini tu, na yule heroe mmoja, shingo imegeuka nyuma. Chini ya picha palikuwa na bei. Kosgei aliisoma mara mbili.

"Hii ni bei ya gari."

"Ndivyo nilimwambia! Edinah, hii ni wazimu, hakuna mtu atanunua. Akaniambia, ndiyo, asinunue mtu."

"Na picha ya pembe peke yake?"

"Akasema huyo ndege anatosha."

Kosgei alimtazama ndege, akaitazama bei, akamtazama ndege tena. Kisha akaelewa, maana alikuwa amekiona kitu hiki mara nyingi kuliko mtu yeyote chumbani humo. Kilikuwa kimebandikwa ukutani ofisini kwake, safu kwa safu. Sura moja tu, kubwa, bila mandhari, ili anayeijua aitambue na asiyeijua apite.

"Hili si tangazo la kuuza," alisema. "Hili ni tangazo la anayetafutwa. Ameweka kitu ambacho mtu mmoja tu duniani atakitambua, na akaweka bei ya kuwafukuza wengine wote. Nani alijibu?"

Maxwel alikuwa amefungua mdomo. "Hata mimi sikuwaza hivyo," alisema. "Pale mtu anaweza kumuuliza muuzaji swali. Ijumaa likaja moja. Edinah alisoma, akaweka uso juu ya kibodi. Akabonyeza herufi zote."

Ujumbe ulikuwa ungalipo.

*Huyo ndege ni wangu. Ni nani anamuuza? G.*

*Ni mimi, Edinah. Uko wapi?*

*Kiamunyi. Nyumba isiyo na paa, ukishapita tangi la maji.*

"Server za hawa ziko Amerika," Maxwel akasema taratibu. "Swali limetoka Kiamunyi, likaenda Amerika, likarudi hapa Njoro. Na Kiamunyi ni hapo tu, afande. Hata ng'ombe anaenda na kurudi."

"G ni nani?"

"Gathoni." Alilitaja jina kama mtu anayefungua kabati la mwingine. "Yeye na Edinah walikuwa wanakuja hapa mwaka jana kila wiki. Hii maneno yote ya kuuza kwa mtandao ni yeye alileta. Anaingia mnadani tu, anaangalia mazulia ya watu wengine, anacheka bei zao, anapanga. Halafu Januari ikafika."

"Alikwenda wapi?"

"Nyumba yao huku ilichomwa. Wakakimbilia kambi ya wakimbizi, pale showground ya Nakuru. Simu ikafa. Edinah alienda kambini mara nyingi, akaambiwa walishatoka, hakuna anayejua wapi."

"Na kwa nini jina lake halitajwi karakanani?"

"Nyumba ya chairlady, ile ya Nakuru, nayo ilichomwa wiki hiyohiyo. Watu wakasema ndugu ya Gathoni alionekana kwa ile group ya waliochoma. Sijui kama ni ukweli. Lakini tangu hapo, boss, pale Mikono Mingi ukitaja Gathoni, kitana kinanyamaza."

Kosgei akavaa kofia yake. Alikumbuka kile kimya.

*

Sheria inataka mlalamishi aitambue mali yake. Hiyo ndiyo sababu ambayo Kosgei alimpa Eucabeth Obura alipompitia kwa gari la polisi, na ilikuwa sababu ya kweli. Kwamba alikuwa na sababu nyingine, hiyo alijiwekea mwenyewe.

Njia nzima Eucabeth alieleza atakachomfanya Edinah. Nimemfundisha mimi. Nimemlisha mimi. Atalala ndani, na mimi ndiye nitampelekea uji. Walipolipita tangi la maji alikuwa angali anaeleza.

Nyumba ilikuwa ghorofa moja ya mawe, ujenzi umesimama, vyuma vimetoka juu kama nywele za mtu aliyeamka. Mvua ilikuwa imekoma. Kosgei alizima gari, na hapo wakasikia.

Tak, tak. Tak, tak.

Eucabeth akanyamaza katikati ya neno.

"Wanafuma," alisema. Akageuza kichwa, jicho moja limefumba. "Wako wawili. Huyo wa mkono mzito ni Edinah. Na huyo mwingine, anayepiga halafu anangoja..."

Hakumaliza. Alishika mlango wa gari kwa mikono miwili. Kosgei alimtazama akaelewa kwamba mama huyu alikuwa amemtambua mtu kwa mlio wa kitana tu, kupitia ukuta wa mawe, baada ya miezi yote hiyo.

"Ulijua," Eucabeth akamwambia, bila kumtazama.

"Nilijua, Mama. Ukitaka turudi, nitaingia peke yangu."

Eucabeth akashuka kwenye gari.

Ndani, katika chumba kisichopigwa plasta, kitanda cha kufumia kilikuwa kimeundwa kwa mbao za ujenzi zenye saruji bado. Ukutani lilitundikwa zulia la ziwa, kwa misumari minne, mbele yake imeteremshwa nailoni safi ya kuzuia vumbi. Wanawake wawili walikaa bega kwa bega. Edinah, mfupi, mwenye mabega mapana, akasimama ghafla. Mwenzake, aliyekonda, kitambaa kichwani, hakusimama. Mkono wake ulibaki ndani ya nyuzi kama umenaswa.

"Edinah," Kosgei akasema. "Wewe ndiye uliyechukua zulia la kikundi Jumamosi?"

"Ni mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Bila ruhusa ya mtu."

"Kwa nini hukuomba?"

Edinah akamtazama Eucabeth. "Ningeombaje? Ningesema nampelekea nani?"



"Nilitaka alione siku moja tu," Edinah aliendelea, na maneno yakaanza kumtoka mbio. "Jumapili moja. Jumatatu ningelirudisha Mama akifungua tu, kabla hajatazama ukuta. Lilikuwa linaenda Norway, afande, na likienda limekwenda. Uzi wa huyu ndege wa pembeni ulisokotwa na mama yake Gathoni. Huyo mama alifia kambini. Nyumba iliungua na kila kitu, nguo, kitambulisho, picha hata moja haikubaki. Duniani kote kilichobaki ambacho vidole vyake vilikigusa ni huyu ndege. Nikamletea. Akaweka shavu hapo." Alilinyooshea zulia kidole. "Jioni ikafika. Wewe, afande, ungemwambia toa shavu?"

Kosgei alikuwa amefunzwa katika chuo cha polisi cha Kiganjo namna ya kujibu maswali mengi ya washukiwa. Hilo halikuwamo.

"Kwa hivyo mkaanza lingine," alisema.

"La Norway. Mikono ni ileile, kondoo ni walewale. Nilitaka kumwandikia yule mama atupe muda, lakini nilikosa pa kuanzia."

"Na ulijuaje kwamba Gathoni ataliona lile tangazo?"

"Sikujua. Nilitumaini." Edinah alijifuta macho kwa kiganja. "Wote walichagua soko la kuuza. Mimi nilichagua soko ambalo Gathoni hupita. Nilijua kama yuko hai, na akipata shilingi za saiba, atapita pale tu."

Gathoni akazungumza kwa mara ya kwanza, macho kwenye nyuzi.

"Nilikuwa napita. Mwenye nyumba hii ananilipa kulinda saruji yake. Nikipata kitu, naingia saiba. Siuzi, sinunui. Naangalia tu, kama mtu anayepita karibu na nyumba aliyohama. Siku hiyo nikamwona. Nilidhani nimeanza kuchanganyikiwa." Akamgeukia Eucabeth. "Mama. Ndugu yangu..."

Eucabeth akainua mkono.

"Wacha niseme," Gathoni akasema. "Sijui kama alikuwepo. Nimemuuliza, hanijibu. Kama ningejua hakuwepo, ningekuja kwako siku ileile. Kama ningejua alikuwepo, ningekuja nipige magoti. Sijui. Mtu anakuja aseme nini na hajui?"

Kosgei alifikiria mafaili mezani kwake, mengi yao yakiishia na neno hilohilo la sijui. Alikuwa ameyasoma kwa miezi na hakuwahi kusikia mtu akilisema hivi, mbele ya mwenye haki ya kuuliza. Alitaka kutoka nje, na hakuthubutu kusogeza mguu.

Eucabeth alitembea. Alilipita zulia lililoibwa bila kulitazama, akaenda mpaka kwenye kitanda cha kufumia, akainama. Kwenye pembe ya chini ya kazi mpya ndege alikuwa amefika nusu: miguu, kifua, mwanzo wa shingo. Eucabeth akapitisha dole gumba juu yake taratibu. Akalirudisha. Akalipitisha tena.

"Shingo hii umelegeza," alisema.

Gathoni hakuamini masikio yake. "Uzi ni mpya, Mama. Haukai kama ule."

"Uzi hauna kosa. Ni mkono unaotetemeka. Fumua mpaka hapa." Akamwonyesha kwa ukucha. "Na wewe, Edinah, ukimaliza kulia, sogea. Umejaza benchi lote."

Kosgei akakohoa. "Mama, hili la ukutani. Lazima ulitambue."

Eucabeth akageuka hatimaye, akalitazama zulia, akamtazama yule ndege wa pembeni kwa muda mrefu.

"Nimelitambua," alisema. "Hilo si la kuuzwa. Liache hapo lilipo. Na umwambie Maxwel asifute ule ukurasa wa mnada. Kuna wengine hatujawapata."

"Na mashtaka?"

"Afande, sisi tuna kazi. Norway inangoja."

Kosgei akatoka. Hatua zake zilikuwa nyepesi, hakutaka buti zake zisikike. Angeandika nini kwenye faili hakujua bado, lakini aliona wazi kwamba kesho angepitia saiba ya Njoro na bahasha ya picha alizokuwa amezibandika ukutani tangu Januari.

Nyuma yake palikuwa kimya, uzi ukifumuliwa. Kisha akasikia zipu ya mkoba wa Eucabeth ikifunguliwa, na sauti yake ikiuliza ni nani alimfundisha Gathoni kukaa hivyo amepinda mgongo.

Tak, tak.

Alipofika kwenye gari akasimama, mkono kwenye mlango, akasikiliza. Vitana vilikuwa vitatu.